Baba Amerudi, Nyumba Imebadilika

Mwezi wa Desemba mwaka 2007 askari wa kwanza wa Burundi waliteremka Mogadishu, mji mkuu wa Somalia, wakaungana na wenzao wa Uganda katika jeshi la kulinda amani la Umoja wa Afrika lililojulikana kwa jina la AMISOM. Kwa muda wa miaka 17 iliyofuata, hadi ujumbe ulioirithi AMISOM ulipokoma mwisho wa mwaka 2024, Bujumbura haikukosa kikosi kilichokuwa kikiondoka na kingine kilichokuwa kikirudi. Katika miaka ya wingi wao, Warundi waliokuwa Somalia kwa wakati mmoja walizidi 5,000, na kila mmoja aliiacha nyumba yake kwa muda wa mwaka mmoja hivi. Wengine walitumwa Jamhuri ya Afrika ya Kati chini ya bendera ya Umoja wa Mataifa, na tangu mwaka 2022 wako waliovuka mpaka kwenda Kivu ya Kusini.

Habari za mapigano zina waandishi wake. Makala haya ni ya ukurasa wa nyumbani, nayo yatazungumzia ua mmoja wa Ngagara, Kamenge, Musaga au Buyenzi ambamo kiti kimoja kilikaa kitupu mwaka mzima, kisha siku moja mwenye kiti akarudi.

Watu wengi hudhani kwamba taabu ya familia ya askari ni kuagana. Ni kweli kuwa kuagana kunauma, lakini kuna msaada wake. Majirani huja kumfariji mama, wakwe hupiga simu, watoto huonewa huruma hata na mwalimu shuleni. Kurejea kwa baba hakuna anayekufanyia matayarisho isipokuwa matayarisho ya chakula. Mbuzi amechinjwa, soda na bia zimenunuliwa, jamaa wamefika kutoka mikoani, na kila mtu anacheka. Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Siku ya tatu ikifika wageni wameondoka, naye baba anaamka asubuhi katika nyumba yake mwenyewe bila kujua ufunguo wa ghala unawekwa wapi. Hapo ndipo kazi inapoanza, na aghalabu hapana aliyemwambia kwamba ni kazi.

Baada ya Vita Kuu ya Pili, mtaalamu mmoja wa Marekani aitwaye Reuben Hill alizichunguza familia za jimbo la Iowa zilizotenganishwa na vita kisha zikakutana tena. Kitabu chake kilitoka mwaka 1949. Hill aliona kwamba kukutana tena ni mtihani wa pili ulio mbali na ule wa kutengana, na kwamba aliyeushinda wa kwanza hakuwa na hakika ya kuushinda wa pili. Tena aliona jambo ambalo kila mke wa askari atalitambua mara moja: nyumba iliyojifunga vizuri mno bila baba, ikaendesha mambo yake yote sawasawa na kuijaza nafasi yake, ndiyo iliyopata shida kubwa kumfungulia mlango. Basi mama yuko katikati ya mambo mawili. Asipoifunga nyumba vizuri, watoto wataharibika kabla mwaka haujaisha. Akiifunga mno, mwenye nyumba atabaki nje.

MWAKA WA MAMA

Yafaa baba ajue kwanza mwaka huo ulipitaje, maana picha aliyo nayo kichwani ni ya siku aliyoondoka. Yeye alipokuwa akihesabu miezi, mama alikuwa akihesabu magunia ya makaa. Maji yakikatika, mtu alikwenda kuyatafuta kwa madumu. Mtoto akipata homa usiku, mtu aliamka akambeba. Mwenye shamba la muhogo akidai, mwalimu akiita wazazi, paa likivuja, mtu alikata shauri, na mtu huyo hakuwa na wa kumwuliza. Mwanamke aliyekata mashauri kwa siku 365 hawezi kurudi kuwa mtu wa kungoja ruhusa kwa sababu ndege imetua.

Fedha nazo zina hadithi yake. Mwaka 2016 Umoja wa Ulaya, uliokuwa ukitoa posho za askari wa AMISOM, ulipunguza mchango wake kwa asilimia 20. Kisha ukakataa kuzipitisha fedha za askari wa Burundi mikononi mwa serikali, na malipo yakakwama kwa miezi mingi mpaka mapatano yalipopatikana mwanzoni mwa mwaka 2017. Mambo hayo yalijadiliwa Brussels na Addis Ababa, lakini deni liliandikwa katika daftari la mwenye duka wa karibu, na aliyesimama mbele ya daftari hilo akiomba mchele na sabuni hadi mwezi ujao ni mama, mara nyingi mtoto akiwa kando yake akisikia kila neno. Mtoto yule amejifunza jambo. Amejifunza kwamba mambo ya nyumbani yanamalizwa na mama. Baba akirudi, mtoto akaendelea kumtazama mama usoni kila baba anapoagiza kitu, asidhani amefundishwa dharau. Mtoto anafanya lile lililomsaidia kuishi.

Wakwe na majirani huweza kuleta sumu hapa. Utasikia baba akinong'onezwa kwamba fedha zimeliwa, kwamba mke alikuwa akionekana mjini, kwamba watoto wameachwa. Sisi hatusemi kwamba hapana mama aliyekosea. Tunasema kwamba wazee wa Burundi walioitwa bashingantahe hawakukata neno kabla ya kusikiliza pande zote mbili, na wala hawakukata neno mbele ya watoto. Baba na mama wakae wawili, mlango umefungwa, wapitie hesabu za mwaka wote kwa utulivu: kilichoingia, kilichotoka, kilichobaki. Mke mwenye busara huweka daftari tangu mwezi wa kwanza, akaandika hata bei ya daftari lenyewe. Si kwa sababu ni mshitakiwa. Mambo yaliyoandikwa huwafunga midomo watu wa nje.

WATOTO WADOGO

Mtoto mchanga anapokaribia miezi minane au tisa huanza kuwaogopa watu asiowazoea. Hiyo ni dalili ya akili kukua, na hutokea Bujumbura kama inavyotokea London. Sasa mfikirie askari aliyeondoka mke akiwa na mimba au ana mtoto wa miezi miwili. Mwaka mzima ameiona sura ya mtoto huyo katika simu. Anafika uwanja wa ndege, ananyosha mikono, mtoto analia kama aliyeungua moto na kumng'ang'ania mama yake. Wako wanaume walioyastahimili makombora lakini kilio hicho kikawavunja moyo, na wako wenye hasira waliosema mama amemtia mtoto maneno. Mama hakutia neno lolote. Mtoto wa umri huo hana neno la kutiwa.

Dawa yake ni kutofanya haraka. Baba asimnyakue. Akae chini mkekani, mama ampakate mtoto karibu naye, wazungumze wao wawili huku mtoto akitazama. Mtoto hujua haraka kwamba mtu ambaye mama hamwogopi si wa kuogopwa. Baada ya siku kadhaa atatambaa mwenyewe, atashika kiatu, kisha suruali, kisha kidevu. Wengine huchukua majuma mawili matatu. Baba ajitolee kumlisha uji na kumwogesha, maana mtoto mdogo humjua mtu kwa mikono yake kabla ya kumjua kwa jina. Katika nyua zetu wako watakaocheka wakimwona sajini ameshika beseni la kumwogeshea mtoto. Na wacheke.

Mtoto wa miaka minne au mitano ana shida nyingine. Yeye anamjua baba, au papa kama wasemavyo watoto wengi wa Bujumbura, lakini baba anayemjua ni yule wa picha na wa simu, asiyekohoa wala kukataza kitu. Mara baba huyo ametoka ndani ya simu, ana sauti nene na anataka watu wakae kimya wakati wa habari. Mtoto huweza kumwuliza siku ya pili tu, «Utarudi lini?» Mwulizaji hamfukuzi. Anapima kama huyu ni wa kukaa au ni wa kupita, nalo ni swali la haki linalostahili jibu la kweli.

Jambo moja dogo huleta ugomvi mkubwa, nalo ni kitanda. Katika nyumba nyingi za vyumba viwili mtoto mdogo amelala na mama mwaka mzima. Baba anarudi na usiku uleule mtoto anahamishiwa kwa kaka zake, huku akilia gizani na kujua vizuri kabisa nani amemfukuza. Mama amwondoe mtoto kitandani majuma mawili kabla ya siku ya kurudi kwa baba, amzoeze mahali papya, amsifu kwa ukubwa wake. Hivyo kosa la kumhamisha halitakuwa la baba.

MVULANA ALIYEKUWA MKUBWA WA NYUMBA

Tufikie sasa watoto wa miaka kumi na mitatu hadi kumi na saba. Hapa ndipo tunapoona nyumba nyingi zikiharibikiwa, maana mchanga hulia akanyamaza, lakini kijana hunyamaza na kuondoka.

Siku ya kuagana baba alimwambia mwanawe wa miaka kumi na mitatu, mbele ya watu, «Wewe sasa ndiwe mwanamume wa nyumba hii.» Neno hili husemwa kwa mapenzi, nasi tungependa liachwe kabisa. Mtoto hulichukua kwa uzito wake. Anafunga lango usiku na kuchungulia nje mbwa akibweka. Anakwenda kumlipa mwenye umeme na kumkaripia mdogo wake akichelewa. Wakati mwingine anamshauri mama yake juu ya fedha, na mama, kwa kukosa mtu mzima wa kuzungumza naye, anamsikiliza. Mwaka unakwisha. Baba anarudi, anachukua ufunguo wa lango bila neno, anauliza kwa nini taa hii inawaka, na jioni moja anamwambia yule aliyekuwa mwanamume wa nyumba, «Nenda kalale, haya ni mazungumzo ya watu wazima.» Cheo kimevuliwa bila barua wala shukrani. Askari wanajua jinsi jambo hilo linavyouma kikosini. Nyumbani linauma vilevile.

Tutoe mfano wa kosa ambalo kila baba aliyerejea anaweza kulifanya. Tangu serikali ilipoondoa ada za shule za msingi mwaka 2005, watoto wamekuwa wengi kuliko vyumba, na shule nyingi zimegawa siku mara mbili: kundi moja husoma asubuhi, jingine alasiri. Tuseme baba alipoondoka mwanawe alikuwa wa asubuhi, na katika mwaka huo amehamishiwa zamu ya alasiri. Baba, siku ya nne baada ya kurudi, anamkuta mtoto saa tatu asubuhi ameketi kizingitini na wenzake. Haulizi. Anamchapa mbele ya wenzake kwa kutoroka shule. Mama anatoka jikoni mbio kueleza, naye baba, kwa aibu, anamgombeza mama kwa kumwingilia. Kwa dakika tano ameyapoteza mambo matatu ambayo atayatafuta kwa miezi mingi.

Kwa hiyo tunashauri kwamba mwezi wa kwanza baba awe mtu wa kuuliza. Aende shuleni mwenyewe, amsalimu mwalimu, atazame daftari na alama. Ajue marafiki wa mtoto kwa majina. Aulize zamu, aulize nani huchota maji siku gani, aulize kwa nini mlango wa nyuma umebadilishwa. Kwa mvulana yule, amwite siku ya kwanza au ya pili mbele ya mama na wadogo zake, amwambie wazi kwamba ameambiwa kazi aliyoifanya na kwamba anamshukuru. Kisha asimnyang'anye kila kitu. Kama lango lilikuwa kazi yake, libaki kazi yake. Mambo ya kumshauri mama juu ya fedha ndiyo yarudi kwa wakubwa, na mtoto mwenyewe, ukimtazama kwa makini, atapumua kama mtu aliyetuliwa gunia.

BINTI

Kwa binti mambo ni mengine. Baba alimwacha mtoto mwenye kuruka kamba, amemkuta msichana. Akina baba wengi hushikwa na hofu, na hofu ya mwanamume mara nyingi huvaa nguo ya ukali: asitoke, simu itolewe, nguo ile isivaliwe, yule kijana ni nani. Hofu hiyo haikosi sababu. Mimba za wanafunzi zimekuwa msiba wa shule zetu. Mwaka 2018 wizara ya elimu iliamuru wasichana waliopata mimba wasirudi katika shule za kawaida, kisha katika mwaka uleule amri hiyo ikaondolewa. Binti akidanganywa hubeba mzigo peke yake, na wanaomdanganya si wavulana wa darasa lake tu. Wamo watu wazima wenye fedha na wenye magari, na wamo, tuseme kweli kwa kuwa tunasomwa na wenye kuvaa sare, wanaume wenye sare pia.

Lakini baba aliyekuwa mbali mwaka mzima hana akiba ya maneno kwa bintiye. Akianza na makatazo, binti atayatii machoni na kuyazunguka mgongoni. Desturi ya Kirundi iliweka mtu kwa kazi hii, naye ni senge, yaani shangazi, dada yake baba. Yeye ndiye aliyemwambia msichana mambo ya mwili wake na ya wanaume bila haya, kwa kuwa alikuwa na heshima ya baba na sikio la mwanamke. Mjini desturi hii imefifia, maana shangazi yuko Ngozi au Rutana na nauli ni ghali. Hata hivyo baba aliye na dada mwenye busara angefanya vema kumkaribisha akae juma moja. Naye mwenyewe atafute njia yake ndogo: amsindikize binti dukani jioni, wakapike pamoja ndagala Jumamosi, amwulize masomo gani anayapenda na kungoja jibu hata likichelewa. Watakapokuwa wamezungumza mara ishirini juu ya mambo yasiyo na maana, ile ya ishirini na moja huweza kuwa yenye maana.

«MAMA AMESEMAJE?»

Watoto si malaika. Wanapoona nyumba imepata mkubwa wa pili, huanza biashara. Lililokataliwa na mama hupelekwa kwa baba, hasa fedha, simu na ruhusa ya kwenda ziwani Jumapili. Baba mwenye hamu ya kupendwa hukubali haraka, na kwa kukubali huko huuvunja mwaka mzima wa mama kwa neno moja. Jibu la baba kwa miezi miwili ya kwanza liwe moja tu: «Mama amesemaje?» Kama haoni sawa alivyosema mama, amwambie usiku, wawili. Kesho yake mama mwenyewe atabadili amri, wala hakuna atakayeshinda wala kushindwa.

Kuhusu ziwa, tukilitaja, watoto waende na baba. Pwani ya Tanganyika ni mahali pazuri pa baba na watoto kukaa alasiri nzima bila kulazimika kusema mengi, mradi akumbuke kwamba viboko na mamba hawajahama, na kwamba mtoto asiyejua kuogelea hasogei penye maji yanayopita magoti.

Na mama pia ana lake. Yako makosa ya mama ambayo hatutayaficha. Wako wanaowatishia watoto mwaka mzima kwa maneno ya «ngoja baba yako arudi,» hata baba akawa fimbo inayosafiri kuja kwa ndege. Na wako wanaomfunika baba kila asemapo neno, wakimsahihisha kama mgeni asiyejua njia. Mama amwachie baba jambo moja mara moja tangu juma la kwanza, hata kama atalifanya vibaya: kuwasimamia watoto katika kazi za shule jioni, kwa mfano. Avumilie kuona hesabu zikifundishwa kwa njia ya zamani.

BABA ASIYELALA

Kuna jambo ambalo halizungumzwi, nalo watoto wanaliona kabla ya wakubwa. Baba anakaa mahali anapouona mlango. Kishindo cha pikipiki humfanya asimame. Usiku anapiga kelele au hatoki kitandani mchana. Anakasirika kwa kijiko kilichoanguka. Mtoto asiyeambiwa kitu hujipa mwenyewe maelezo, na maelezo ya mtoto karibu siku zote ni haya: nimemkosea. Aambiwe, kwa maneno machache, kwamba baba alikuwa mahali pa hatari, kwamba mwili wake bado unajilinda, na kwamba si kosa la mtu yeyote nyumbani. Afundishwe kumwamsha baba kwa kumwita kutoka mlangoni, wala asimguse bega ghafla akiwa usingizini.

Mambo hayo mara nyingi hupungua yenyewe katika majuma ya kwanza. Yakipita mwezi bila kupungua, au pombe ikiingia kati, au mkono ukiinuka juu ya mke na watoto, ni wakati wa daktari. Kamenge kuna Hospitali ya Kijeshi, na huko huko Kamenge kiko kituo cha magonjwa ya akili. Watu hukwepa kituo hicho kwa kuogopa kuitwa vichaa. Askari aliyepigwa risasi mguuni haoni haya kumwonyesha tabibu mguu. Jeraha hili nalo lina matabibu wake.

KITI KINACHOBAKI KITUPU

Hatuwezi kuandika juu ya wanaorudi tukawasahau wasiorudi. Mapigano ya Dayniile ya Oktoba 2011, shambulio la Lego la tarehe 26 Juni 2015 na lile la El Baraf la Mei 2022 yaliacha yatima katika mitaa tunayoijua. Siku kama hizo picha zilifika katika simu za watu kabla ya ujumbe kufika nyumbani, na watoto wakubwa waliweza kuziona kabla ya mama zao.

Mtoto aambiwe na mtu wa karibu anayempenda, mapema, na kwa neno lenyewe. Aambiwe baba amekufa. Asiambiwe amesafiri, wala amelala, maana aliyesafiri hurudi na aliyelala huamka, na mtoto wa miaka minne atakaa langoni akingoja au ataogopa kulala. Mtoto wa chini ya miaka sita au saba haelewi bado kwamba kifo hakina marejeo. Atauliza leo, na kesho, na baada ya mwezi, «Papa atakuja lini?» Ajibiwe kila mara kwa upole uleule na kwa maneno yaleyale.

Liko pia jambo la karatasi, ambalo tunalitaja kwa uchungu. Mwaka 2017 serikali iliwataka watu waishio pamoja bila ndoa ya kisheria wakaiandikishe katika ofisi za komini kabla ya mwisho wa mwaka. Wengine walilichukulia kama usumbufu. Mke wa askari asilichukulie hivyo. Mjane ambaye ndoa yake haikuandikwa, mwenye watoto wasio na vyeti vya kuzaliwa, hujikuta akiomba kwa jamaa za mumewe kile ambacho sheria ingempa. Kazi hiyo huchukua asubuhi moja au mbili, nayo ifanywe kabla ya kufunga begi.

TENA BEGI

Maana begi litafungwa tena, kwa askari na kwa polisi anayehamishiwa mkoa wa mbali vilevile. Kathleen Logan, Mmarekani aliyeandika mwaka 1987 juu ya wake za wanamaji, alionyesha kwamba kutengana huanza kabla ya safari. Katika majuma ya mwisho mume na mke hugombana kwa vitu vidogo na kukaa mbalimbali ndani ya nyumba moja, kwa kuwa moyo unaanza kujifunga mapema. Watoto huona ugomvi huo na kudhani ndio unaomwondoa baba. Waambiwe sababu ya kweli.

Kabla ya kuondoka baba atie alama ya kimo cha kila mtoto kwenye mwimo wa mlango, pamoja na tarehe, ili akirudi waanze kwa kupimana wala wasianze kwa kukaguana. Picha yake itundikwe chini, kwenye usawa wa macho ya mtoto, si juu karibu na dari penye picha za viongozi. Asimulie hadithi mbili tatu na vitendawili, vile ibisokozo alivyofunzwa na bibi yake, vihifadhiwe katika simu ya mama, na mdogo azisikilize jioni mtandao ukikataa. Mama aweke chupa yenye maharage kumi na mawili, na kila mwezi ukiisha mtoto atoe moja. Kama muda ukiongezwa, kama ulivyowahi kuongezwa, aongeze harage mbele ya mtoto na kueleza kwa nini.

Habari ya safari aitoe baba mwenyewe, watoto wasiijue kwa kuona begi. Kijana wa sekondari aambiwe siku ileile wazazi wanapoijua, kwa sababu ataigundua tu. Wa shule ya msingi wanatosheka na majuma mawili, waulize maswali yao na kurudia kuyauliza. Yule wa miaka mitatu aambiwe siku mbili kabla, maana kwake majuma mawili ni muda usio na mwisho, na atamwamkia baba kila asubuhi akimwuliza kama ameshaondoka.